Einstein@Home, Folding@home au World Community Grid: uchangie kompyuta yako wapi na kwa timu ipi ukiwa Arusha au Moshi

Vijana wa kompyuta hapa Arusha wananiuliza swali ambalo nimekuwa nikilijibu kwa mdomo, leo kidogo na kesho kidogo: kama nina laptopu inayokaa bure usiku kucha, niipe mradi gani wa sayansi, na nijiunge na timu ipi? Ni swali zuri na linastahili jibu la maandishi.

Jibu fupi ni hili. Kwa nyumba nyingi za Arusha na Moshi, zenye laptopu ya kawaida na umeme unaoweza kukatika bila taarifa, anza na Einstein@Home. Folding@home inamfaa mwenye kadi ya michoro yenye nguvu na umeme wa uhakika. World Community Grid inamfaa anayetaka kazi za afya na hali ya hewa, mradi awe tayari kukaa vipindi bila kupewa kazi. Kuhusu timu, chagua mradi kwanza, timu ifuate. Na ukifungua takwimu za timu, jicho lako lisiishie kwenye jumla ya pointi. Tafuta wastani wa karibuni. Sababu nazieleza hapa chini, na nitakaa zaidi kwenye umeme na kwenye takwimu, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi huchagua vibaya.

Kazi yenyewe ikoje

Mtafiti akiwa na hesabu ambayo kompyuta yake ingeimaliza baada ya miaka mingi mno, anaikata vipande na kuvigawa kwa watu waliojitolea kupitia intaneti. Kompyuta yako inapakua kipande, inakokotoa wewe ukiwa umelala, inarudisha majibu, kisha inaomba kingine. Hulipwi. Unachopata ni pointi, nazo zinahesabiwa kwa jina lako, kwa timu yako na kwa nchi yako.

Mtindo huu ulipata umaarufu duniani kupitia SETI@home ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyofunguliwa tarehe 17 Mei 1999 ili kusaka ishara za viumbe wenye akili angani. Iliacha kugawa kazi mwishoni mwa Machi 2020. Kutoka kwake ilizaliwa programu ya BOINC, ambayo leo inabeba Einstein@Home, World Community Grid, Rosetta@home, LHC@home ya CERN (maabara ya fizikia ya Ulaya) na miradi mingine mingi. Ukishaweka BOINC, kuhama mradi ni suala la kubonyeza mara chache tu. Folding@home iko peke yake: ina programu yake, namba zake za timu na pointi zake, na haihusiani na BOINC hata kidogo.

Einstein@Home na Folding@home, ana kwa ana

Einstein@Home ilianza Februari 2005. Wanaoisimamia ni Chuo Kikuu cha Wisconsin–Milwaukee cha Marekani pamoja na Taasisi ya Max Planck ya Fizikia ya Mvutano, Ujerumani. Wanatafuta nyota za nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka. Nyota moja ya namna hiyo ina uzito unaozidi wa jua letu, lakini upana wake ni kama kilomita 20 tu, karibu umbali wa kutoka Mnara wa Saa hapa mjini hadi Usa River. Baadhi huzunguka mamia ya mara kwa sekunde moja. Zile ambazo mawimbi yake ya redio hutufikia kwa mapigo kila zinapozunguka huitwa pulsa, na ndizo kompyuta yako inazozichungulia ndani ya data za darubini. Data zilitoka Arecibo ya Puerto Rico hadi darubini ile ilipoporomoka Desemba 2020. Nyingine zinatoka kwenye darubini ya Fermi iliyo angani, nyingine kwenye vitambuzi vya LIGO vinavyopima mawimbi ya mvutano, na kuna zinazotoka MeerKAT, darubini ya redio iliyojengwa Karoo, Afrika Kusini. Mimi hufurahi sana nikiona laptopu ya mtaa wa Sakina hapa Arusha inachambua data zilizokusanywa barani kwetu.

Na matunda yapo. Mwezi Agosti 2010 ulitangazwa ugunduzi wa pulsa iliyopewa namba J2007+2722, na walioigundua ni raia wa kawaida: mume na mke wa Iowa, Marekani, na mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani, ambao kompyuta zao ndizo zilizokuwa na vipande vyenye ishara ile. Majina yao yaliingia kwenye karatasi ya kisayansi.

Folding@home ina umri mkubwa zaidi. Ilianzishwa Oktoba 2000 na Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford, na siku hizi inaongozwa na Greg Bowman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Inaiga kwa hesabu jinsi protini zinavyojikunja na kubadilika umbo. Protini ikijikunja vibaya huweza kuhusika na maradhi kama Alzheimer, na ukijua umbo lake linavyocheza unaweza kupata mwanya ambao dawa itaingilia. Mwezi Machi 2020, wakati wa korona, watu walijiunga kwa wingi kiasi kwamba nguvu za kompyuta zao zikijumlishwa zilivuka hesabu bilioni mara bilioni moja kwa sekunde. Hakuna kompyuta kuu moja duniani iliyokuwa imefika hapo wakati ule.

Kwa heshima ya kisayansi, miradi yote miwili inastahili. Tofauti inayokuhusu wewe wa Arusha ni namna kazi zinavyofuatana. Kwenye Einstein@Home vipande havitegemeani: chako kinachunguza sehemu yake ya data, cha mwenzako sehemu nyingine, na una wiki mbili za kukirudisha. Kwenye Folding@home kipande kinachofuata hutengenezwa kutokana na majibu ya kipande kilichotangulia, kwa kuwa mwendo wa protini unafuatiliwa hatua kwa hatua. Ukichelewa, mnyororo mzima unakusubiri. Ndiyo maana muda wao ni mfupi, na ukipita, kipande hupewa mtu mwingine. Ndiyo maana pia wana pointi za nyongeza kwa anayerudisha haraka, na nyongeza hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko pointi za msingi zenyewe.

Sasa chukua hali zetu. Umeme umekatika saa mbili usiku, umerudi saa saba. Mwenye Einstein@Home hana wasiwasi. BOINC huhifadhi hatua iliyofikiwa kwenye diski kila baada ya muda, hivyo kompyuta ikiwaka inaendelea kutoka pale, na pengine umepoteza dakika chache za kazi. Pointi za kipande hicho zinabaki zilezile kama umekirudisha leo au Jumapili, ilimradi kiko ndani ya muda. Folding@home nayo huhifadhi hatua, ila saa tano zile zimekatwa kwenye nyongeza yako. Zikijirudia mara kadhaa kwa wiki, timu yako inashuka kwenye jedwali kwa sababu ambayo haihusiani na bidii yenu. Nimeona vijana wakikata tamaa kwa jambo hili, na inaniuma, kwa kuwa walikuwa wamejitolea kwa moyo.

Kwa hiyo Folding@home naipendekeza bila kusita kwa wachache tu: mwenye kompyuta ya michezo yenye kadi nzuri, au ofisi yenye sola na betri za kutosha. Kadi ya kisasa yenye nguvu huweza kuleta pointi milioni kadhaa kwa siku, wakati laptopu isiyo na kadi italeta sehemu ndogo sana ya hizo.

World Community Grid

Huu ulianzishwa na IBM tarehe 16 Novemba 2004, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa unahamia Taasisi ya Utafiti ya Krembil ya Toronto, Kanada. Ni mwavuli: chini yake kuna tafiti kadhaa, nawe unachagua utakazo. Kwa mtu wa ukanda wetu ndio mradi unaogusa moyo kuliko yote. Help Stop TB, wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, ulianza 2016 kuchunguza ganda la nta linalomkinga kijidudu cha kifua kikuu dhidi ya dawa. Aliyewahi kuwa na ndugu amelazwa Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, ataelewa mara moja kwa nini ningependa kompyuta za Kilimanjaro ziwe kwenye kazi kama hiyo. Africa Rainfall Project wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, ulianza 2019 kuiga mvua za Afrika kusini mwa Sahara kwa vipimo vya kilomita moja kwa moja, kwa sababu mvua zetu nyingi huletwa na mawingu madogo ya mahali pamoja ambayo mifano ya kawaida ya hali ya hewa inayaruka. Hapa kwetu Tengeru hunyesha na Kisongo kukawa kukavu siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo aina ya mvua wanayoitafuta.

Ubaya wake nausema wazi. Tangu uhamie Toronto umekuwa na vipindi virefu vya kusimama au kugawa kazi kidogo, na tafiti zake hazitoi kazi zote kwa wakati mmoja. Kabla ya kuuchagua, angalia ni utafiti upi una kazi wiki hii. Na ule wa mvua una mafaili makubwa ya kupakua na kupakia, hivyo haufai kwa bando la simu.

Kuna jambo moja la takwimu ambalo World Community Grid inafanya vizuri kuliko wengine wote. Mbali na pointi, inahesabu muda ambao prosesa yako imefanya kazi, na beji zake hutolewa kwa muda huo. Beji ya shaba ni siku 14 za prosesa, fedha 45, dhahabu 90. Kompyuta yenye viini vinne (sehemu za prosesa zinazokokotoa kwa wakati mmoja) inayofanya kazi mchana na usiku inajaza siku nne za prosesa kwa kila siku ya kalenda, iwe kuukuu ya mwaka 2012 au mpya ya dukani. Kwa shule yenye kompyuta chakavu hii ni haki tupu: mwanafunzi anaona beji yake ikija bila kushindanishwa na tajiri mwenye kadi ya michoro ya mamilioni.

Mingine, kwa ufupi

Rosetta@home ni ya maabara ya David Baker, Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2024 pamoja na Demis Hassabis na John Jumper. Ni mradi wa heshima, ila unataka RAM nyingi na mara kwa mara hauna kazi za kugawa. Uweke kama mradi wa akiba. Climateprediction.net, ulioanzia Oxford mwaka 2003, una vipande virefu mno na mafaili mazito. Mwachie mwenye intaneti isiyopimwa. GIMPS inasaka namba tasa kubwa za aina ya Mersenne (2 ikizidishwa yenyewe mara nyingi, kisha ukatoa 1) tangu 1996, na Oktoba 2024 ilitangaza yenye tarakimu 41,024,320. Mwalimu wa hesabu ataipenda. Mimi, kwa umeme wetu wa kulipia, ningeweka nguvu kwingine.

Ulikuwapo pia mradi wa malariacontrol.net, wa taasisi ya Uswisi ya tiba za kitropiki iliyoko Basel, ambayo ina uhusiano wa miongo mingi na watafiti wa Ifakara. Uliiga kuenea kwa malaria ili kulinganisha vyandarua, dawa na chanjo. Ulifungwa mwaka 2016. Nautaja kwa sababu bado utauona kwenye kurasa za takwimu, pamoja na SETI@home, ukiwa na timu zenye pointi nyingi ambazo haziongezeki tena. Hilo litatusaidia tukifika kwenye takwimu.

LUKU na joto

Mama mmoja mwenye duka la steshenari pale Majengo, Moshi, alikubali mwanawe aweke BOINC kwenye kompyuta ya duka. Nilipopita, baada ya shikamoo na marahaba, alinitazama usoni: "Mwanangu, niambie ukweli, hii kitu inakula LUKU yangu kiasi gani?" Ndivyo kila mzazi anavyopaswa kuuliza, na jibu linapatikana kwa hesabu.

Bei ya kawaida ya nyumbani, ukijumlisha kodi na tozo, ni kama shilingi 356 kwa yuniti. Laptopu inayokokotoa mfululizo inakula wati 30 hivi, yaani yuniti 0.72 kwa siku, yuniti 21 na ushee kwa mwezi: karibu shilingi 7,700. Kompyuta ya mezani isiyo na kadi kubwa, tuseme wati 80, itakula yuniti 58 hivi, sawa na shilingi 20,500. Ukiweka kadi ya michoro na jumla ikafika wati 250, ni yuniti 180 kwa mwezi na shilingi 64,000. Simu yenye wati 5 haifiki shilingi 1,300.

Kuna mtego ndani ya hesabu hii. Nyumba zenye matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, zinauziwa umeme kwa bei nafuu kuliko hiyo. Kama nyumba yenu iko kwenye yuniti 60, yuniti 21 za laptopu zitawavusha mpaka, na hasara itakuwa kubwa kuliko gharama ya umeme wa laptopu yenyewe. Kwa nyumba kama hiyo, iache ifanye kazi saa nane za usiku tu. Utatumia yuniti 7 kwa mwezi na mtabaki ndani ya 75. Yule mama tulimwekea hivyo, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na hakulalamika tena.

Joto nalo lina upande wake. Arusha iko juu, kama mita 1,400, na Juni na Julai kompyuta inajipoza yenyewe. Moshi iko chini zaidi, na Januari na Februari chumba chenye bati bila dari kinakuwa tanuri. Huko iagize BOINC itumie nusu ya viini tu. Feni pia ifunguliwe na kusafishwa; vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huganda kwenye mapezi ya chuma ya kupozea kama blanketi, na laptopu inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Unalipa umeme uleule, unapata kazi pungufu.

Simu ya Android nayo inaweza kuendesha BOINC, na Einstein@Home ina kazi za simu. Ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida hufanya kazi tu ikiwa kwenye chaji, betri imepita asilimia 90, na hutuma data kwa Wai-fai pekee, hivyo bando lako haliguswi. Usibadilishe mipangilio hiyo.

Kusoma takwimu za timu

Fungua ukurasa wa timu yoyote ya BOINC utaona namba mbili kubwa: jumla ya pointi na wastani wa karibuni. Karibu kila mtu hutazama ya kwanza. Tuseme timu moja ina jumla ya milioni 40 na wastani wa 300, na nyingine ina jumla ya laki sita na wastani wa 9,000. Ya kwanza ilikuwa na watu miaka kadhaa iliyopita. Leo pengine imebaki laptopu moja kwenye kona. Ya pili ina watu hai. Jumla haishuki kamwe, hata wanachama wote wakiondoka.

Wastani wa karibuni hujengwa kwa kanuni moja: nusu ya thamani yake hupotea kila wiki usipofanya kazi. Ukisimama leo ukiwa na 1,000, wiki ijayo siku kama ya leo utakuwa na 500, na inayofuata 250. Kupanda nako ni hivyohivyo. Kompyuta inayozalisha pointi 1,000 kila siku, baada ya wiki ya kwanza itaonyesha wastani wa 500 tu, wiki ya pili 750, na mwezi ukiisha karibu 940. Mgeni asipolijua hili hudhani kompyuta yake ni mbovu na anaiondoa wiki ya pili. Mpe mwezi mmoja ndipo umhukumu.

Jambo la pili: pointi za mradi mmoja hazilinganishwi na za mradi mwingine. Kipimo cha BOINC kilikusudiwa kiwe kimoja, ambapo kompyuta ya hesabu bilioni moja kwa sekunde ingepata pointi 200 kwa siku, lakini kila mradi unatoa kwa mkono wake, na ipo iliyokuwa na mkono mkunjufu kupita kiasi. World Community Grid huonyesha pointi zake mara saba ya za BOINC. Folding@home inahesabu kwa mamilioni. Hivyo kijana wa Njiro akikwambia ana milioni mbili, muulize za wapi. Zikiwa za Folding@home kwenye kadi kubwa huenda ni kazi ya siku moja. Zikiwa za Einstein@Home kwenye laptopu ni kazi ya muda mrefu sana, mpe mkono. Kurasa kama BOINCstats na Free-DC hukusanya data zinazotolewa na miradi na kutengeneza jedwali la jumla la timu zote duniani. Zinasaidia sana kuona mwenendo wa timu yako siku hadi siku, ila ile orodha inayochanganya miradi yote usiitumie kuchagua timu. Linganisha timu ndani ya mradi mmoja.

Ukitaka kurasa hizo zikutambue kuwa ni mtu yuleyule kwenye miradi tofauti, jisajili kwa barua pepe ileile kila mahali, na ukubali kwenye akaunti yako kwamba takwimu zako zitolewe nje. Usipoweka tiki hapo, kazi yako itahesabiwa na mradi lakini jina lako halitaonekana huko.

Timu kubwa, ya nchi, au ya kwenu

Timu haibadilishi kazi ya sayansi wala haikuongezei pointi. Hata nyongeza ya haraka ya Folding@home ni yako binafsi. Timu inakupa watu wa kukufanya uendelee. Kwa kipimo hicho, timu kubwa za dunia zina raha yake: kila Mei, tangu 2010, timu ya SETI.Germany huandaa mashindano ya BOINC Pentathlon, miradi mitano kwa wiki mbili, na timu hupanga mikakati hadi ya kukaa na kazi zilizokamilika ili wazirudishe zote kwa pamoja kipenga kikilia. Mei kwetu ni mwisho wa masika na baridi inaingia, kompyuta zinapumua vizuri. Anayependa ushindani ajiunge na mojawapo ya timu hizo. Ajue tu kwamba laptopu yake haitaonekana kwenye msururu wao.

Timu yenye jina la Tanzania inavutia, na ningependa kuona bendera yetu ikipanda. Ila angalia wastani wa karibuni kabla ya kuingia. Timu nyingi za nchi zilifunguliwa na mtu mmoja akazisahau. BOINC ina utaratibu wa hilo: mwanachama anaweza kuomba uongozi, na mwanzilishi asipojibu ndani ya siku 60, mwombaji anaweza kuuchukua. Ukikuta timu ya nchi imelala, ingia na uombe. Ni bora kuliko kufungua timu ya pili yenye jina linalofanana na kugawa watu wachache tulio nao.

Chaguo langu mimi ni timu ndogo ya watu wanaojuana, kwenye mradi mmoja: darasa la Chuo cha Ufundi Arusha, wanafunzi wa Tengeru, kikundi cha vijana wa kanisa au msikiti kule Pasua. Timu ya watu sita inaonyesha kila mmoja. Wastani wa mmoja ukishuka kwa siku tatu mfululizo mnajua, mnampigia: vipi kaka, umeme au laptopu? Mara nyingi ni feni. Kwenye timu ya watu elfu nane hakuna atakayekupigia.

Kwa kompyuta za chuo, shule au ofisi, pata ruhusa ya maandishi ya mkuu wa kitengo kwanza, na umpe hesabu ya umeme kama ile niliyompa mama wa Majengo. Umeme si wako na mashine si zako, hata kama sayansi ni ya wote.

Usianze kukokotoa kabla ya kujiunga na timu, kwa kuwa pointi hazihami: ulizopata kabla hazihesabiwi kwenye timu uliyoingia, na ukihama ulizochuma zinabaki kwa timu uliyoiacha. Kwenye Folding@home, omba ufunguo wa siri kwa barua pepe na uuweke kwenye programu kabla ya kipande cha kwanza, maana nyongeza ya haraka huanza tu baada ya kurudisha vipande 10 kwa ufunguo huo. Kwenye Einstein@Home fungua akaunti, ingia kwenye timu, weka saa za usiku na idadi ya viini, ndipo uruhusu kazi zishuke. Vipande vya kwanza vikirudi vitaandikwa vinasubiri kuthibitishwa. Kila kipande hupewa kompyuta mbili na majibu hulinganishwa, na kama mwenzako ni mzito utasubiri siku kadhaa kabla pointi za kwanza hazijaingia.